Ufunguo wa sanduku la maoni anao nani?

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa kata yetu Jumamosi. Mliomba maandishi, nimeyaweka kama yalivyo.)

Nimepewa dakika kumi, nitatumia saba maana mama wa chai kashaanza kutuangalia.

Leo siongelei katiba mpya. Naongelea zahanati yetu. Foleni yake mnaijua. Watu wanafika saa 12 asubuhi, wanapanga kandambili kushika nafasi, tabibu anaingia saa 3. Mtoto anayechemka homa na kijana aliyekuja kusafishwa kidonda wako benchi moja, anaitwa aliyewahi. Ukija jioni unakuta kufuli, na mlangoni hakuna hata namba ya simu ya aliye zamu. Juzi jirani yangu, mjamzito, uchungu ulimshika usiku. Wakagonga, kimya. Akapakiwa bodaboda mpaka kituo cha afya cha kata ya pili. Kajifungua salama, Mungu mkubwa, lakini ile barabara yetu mnaijua.

Najua wengi hapa lawama zenu ni kwa nesi. Mimi sikubali. Huyo huyo anaandikisha, anapima presha, anachoma sindano, anagawa dawa, na siku ya kliniki anapima watoto uzito. Ukimrekodi video ukairusha mtandaoni utapata likes, na kesho foleni iko pale pale.

Sasa tuongee mfumo. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo. Na kila zahanati inatakiwa iwe na Kamati ya Usimamizi, ndani yake wapo wajumbe wanaotoka kwa wananchi, mganga mfawidhi ndiye katibu. Mipango na bajeti ya zahanati inapita kwao. Kero za wagonjwa pia ni kazi yao. Kabla hatujaanza niliuliza hapa nani anamjua hata mjumbe mmoja. Hakuna mkono uliopanda. Ukumbi mzima!

Na lile sanduku la maoni pale ukutani, kufuli limeota kutu. Ufunguo anao nani? Liliwahi kufunguliwa lini?

Kuna kaka kaniambia, "Dada, hizo kamati ni za wenyewe, tusubiri tushike dola." Jamani, uchaguzi mkuu ni kila miaka mitano, malaria ya mtoto ni ya leo usiku. Kama kamati ni ya wenyewe, basi tuulize walipatikanaje na nafasi zilitangazwa wapi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na kujibiwa isizidi siku 30. Halafu Sura ya 287 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau mara moja kila miezi mitatu. Pale ndipo pa kusimama na kuuliza, siyo kijiweni.

Tunachoomba hakihitaji bajeti mpya. Namba ya zamu ibandikwe mlangoni. Asubuhi mtu mmoja apite kwenye benchi, wenye hali mbaya watangulie bila kujali nani kawahi. Sanduku lifunguliwe mbele ya watu kila mwezi, na majibu yabandikwe ukutani.

Barua nimeshaiandika, ukurasa mmoja, haina jina la chama. Kwa makusudi. Nataka asaini hata yule mama wa kijani anayekaa nasi benchi lile lile, kwa hiyo siku ya kukusanya saini magwanda yabaki nyumbani. Jumatatu saa 2 asubuhi tunaipeleka kwa mganga mfawidhi, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa, siku 30 zihesabiwe kuanzia hapo. Nahitaji watu wawili wa kwenda nami. Nani na nani?