Kiti mwendo na mlango wa daladala

Msikilizaji, uchambuzi wa leo unatazama safari ya kwenda kazini kwa mtu anayetumia kiti mwendo jijini Dar es Salaam.

Tangu mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yameleta nafuu: sakafu ya basi inakaribia kulingana na jukwaa la kituo, hivyo anaweza kuingia bila kubebwa. Na kubebwa na mtu usiyemjua, tena mbele za watu, si jambo dogo.

Lakini je, kufika kituoni? Hapo ndipo penye kazi. Mchanga, mtaro usio na mfuniko, bodaboda zilizoegeshwa njiani, kisha daladala yenye ngazi na konda anayetoza kiti nauli ya mzigo. Kiti hicho ndicho miguu yake!

Kwa upande wa pili, konda naye jioni anadaiwa hesabu na tajiri, yaani mwenye daladala. Kila dakika ya kumsubiri abiria huyo apande ni pesa. Hilo ni kweli. Ila Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu ya kufikia huduma za umma.

Sasa, gharama ya dakika hizo aibebe nani: konda, tajiri, au serikali?