Tiketi ya Bure na Mshahara wa Mpiga Fidla

Tarehe 12 Machi 2020 jumba la opera la Metropolitan mjini New York lilifunga milango yake kutokana na ugonjwa wa COVID-19. Siku nne baadaye, jumba hilohilo lilianza kuonyesha opera nzima kila usiku katika tovuti yake, bila malipo, kwa mtu yeyote duniani aliyekuwa na kompyuta au simu na intaneti ya kutosha. Ya kwanza ilikuwa Carmen ya Georges Bizet. Kila onyesho lilikaa tovutini kwa muda usiofika siku nzima, kisha likaondolewa kupisha jingine. Mkaazi wa Muscat, Mombasa au Birmingham, akiwa amefungiwa ndani kama walimwengu wengine, alipewa nafasi katika ukumbi wenye viti 3,800 hivi, ambao pengine asingeliukanyaga maisha yake yote.

Kuwafikia walio mbali halikuwa jambo geni kwa jumba hilo. Mwezi Januari 1910 mvumbuzi Lee de Forest alijaribu kurusha hewani sauti ya Enrico Caruso kutoka jukwaani hapo, katika siku ambazo waliokuwa na chombo cha kuinasa walikuwa wachache mno. Siku ya Krismasi ya mwaka 1931 yakaanza matangazo ya kawaida ya redio, kwa opera ya Hänsel und Gretel, na kwa miaka mingi Jumamosi mchana ikawa siku ya opera katika nyumba nyingi za Marekani. Kisha tarehe 30 Desemba 2006, Die Zauberflöte ya Mozart, iliyofupishwa na kuimbwa kwa Kiingereza, ilirushwa kwa setilaiti moja kwa moja hadi katika majumba ya sinema ya nchi kadhaa. Miaka iliyofuata mpango huo ulifika katika nchi zaidi ya 70.

Mtazamaji wa mbali hupewa vitu ambavyo mwenye tiketi ya ghali hana. Huona jasho katika paji la uso wa mwimbaji. Huona vidole vya mpiga fidla ambavyo, kutoka viti vya juu kabisa vya ukumbi, ni kama vya sisimizi. Wakati wa mapumziko kamera huingia nyuma ya pazia, na mwimbaji ambaye hajapata hata kuvuta pumzi huulizwa maswali na mwimbaji mwenzake aliyepewa kazi ya utangazaji.

Lakini kuna kinachopotea, nacho si kidogo. Waimbaji wa opera hawatumii vipaza sauti. Fahari ya kazi yao ni kuipitisha sauti tupu, inayotoka kifuani, juu ya okestra nzima hadi safu ya mwisho ya ukumbi. Vinasa sauti vinavyoipeleka sauti hiyo mtandaoni huisawazisha: sauti ndogo hukuzwa, kubwa hupunguzwa, na msikilizaji aliye nyumbani hawezi tena kumtambua mwenye kifua kipana na asiye nacho. Wapo wapenzi wa opera wanaosema kwamba anayetazama kwa njia hiyo hajasikia opera, amesikia habari zake tu. Huo ni ukali uliopita kiasi. Hata hivyo hoja yenyewe ina ukweli ndani yake.

Ifahamike pia kwamba maonyesho hayo ya kila usiku hayakuwa ya moja kwa moja, ingawa wengi waliyaita hivyo. Yalikuwa kumbukumbu za miaka iliyotangulia. Kilichokuwa hai ni tamasha la Jumamosi ya tarehe 25 Aprili 2020, lililoanza saa saba mchana kwa saa za New York, sawa na saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam, na saa tatu usiku Muscat. Waimbaji zaidi ya 40 walionekana wakiwa majumbani mwao, mbele ya rafu za vitabu na makochi, kila mmoja na simu au kompyuta yake. Picha zilitetereka na sauti zilikwaruza. Kwaya na okestra zilishiriki pia, kila mmoja akiwa amejirekodi peke yake chumbani na vipande vikaunganishwa baadaye. Katika muda wa wiki chache tu okestra hiyo ilikuwa imempoteza mpiga viola wake mmoja kwa ugonjwa huohuo.

Na hapa ndipo penye kiini cha habari. Wanamuziki hao wa okestra na kwaya, pamoja na mafundi wa jukwaa, walikuwa hawana mshahara tangu tarehe 1 Aprili. Waliachiwa bima ya afya. Dunia nzima ilikuwa ikitazama kazi ya mikono yao, na wao wakihesabu akiba.

Uongozi wa jumba ulikuwa na hoja zake. Ukumbi uliofungwa hauuzi tiketi, na hasara ilikuwa ya makumi ya mamilioni ya dola. Maonyesho ya bure, tena, yaliambatana na maombi ya michango, na wapo waliochanga. Tatizo ni kwamba anayechangia kupitia tovuti hajui fedha yake inaishia mfuko gani.

Mpenzi wa taarabu ataliona jambo hili upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Katika ukumbi wa taarabu, Unguja au Mombasa, anayeguswa na shairi huinuka kitini, akacheza taratibu hadi jukwaani, akamtunza mwimbaji noti mkononi, mbele ya macho ya wote. Noti ile ni malipo, ni shukrani, na mara nyingine ni jibu kwa mtu fulani aliyekaa safu ya tatu na ambaye anajua kwa nini ubeti ule umemchagua yeye. Mwimbaji humwona mtoaji, na fedha haipiti ofisini kwanza. Mwenye kuitazama taarabu hiyohiyo katika simu yake akiwa London anaweza kulia machozi, lakini njia ya kutoka kitini hadi jukwaani imekatwa.

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 2020, jumba la Metropolitan lilianza kuuza matamasha ya mtandaoni kwa dola 20 tiketi moja, likianza na Mjerumani Jonas Kaufmann, aliyeimba akisindikizwa na piano. Okestra iliendelea kukaa nyumbani. Wanamuziki wake wakaanzisha mfuko wao na kuandaa matamasha yao wenyewe mtandaoni. Ilikuwa kama kurudisha ile njia ya jukwaani: mtazamaji alijua anamtunza nani. Hadi malipo ya sehemu ya mshahara yaliporejea mwaka 2021, baada ya kukubali kurudi katika meza ya mazungumzo, baadhi yao walikuwa wamestaafu na wengine wamehama New York kwa kushindwa na kodi za nyumba.

Mkataba mpya wa okestra ulipatikana mwishoni mwa Agosti 2021, nao ulikuja na punguzo la mishahara. Jumba likafungua msimu wake tarehe 27 Septemba kwa Fire Shut Up in My Bones ya Terence Blanchard, opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kuonyeshwa hapo tangu jumba lianzishwe mwaka 1883. Usiku huo onyesho lilirushwa moja kwa moja, bila malipo, katika bustani ya Marcus Garvey huko Harlem. Safari hii wapiga fidla walikuwa mahali pao chini ya jukwaa, wakiwa kazini na wenye mshahara.