Gari la Dizeli Linapolegea Mlimani

Gari lililobeba mgonjwa kutoka Endulen kuja Karatu hupanda kwanza hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo injini ya dizeli yenye hitilafu hulegea. Dereva husimama, huizima, na baada ya dakika chache gari huondoka kana kwamba halikuwa na ubaya wowote. Kupona huko humpotosha fundi: gereji hulikuta gari likiwa zima, na gharama hulipwa hata hivyo.

Fundi na atazame moshi kwanza. Moshi mweusi mara nyingi ni dalili ya upungufu wa hewa, kwa kuwa vumbi la njia iliyo mbele ya lango la Loduare huziba chujio mapema. Pasipo moshi, yaelekea injini inakosa mafuta. Taka za tangini huvutwa hadi mdomo wa bomba, kisha hushuka injini ikizimwa. Ndipo nguvu hurudi. Kubadilisha pampu kabla ya kusafisha tangi ni kutupa fedha. Kipande cha mpira angavu kikiungwa kabla ya pampu huonyesha mapovu ya hewa, na jaribio hilo lifanyike mlimani, gari likiwa na mzigo.