Usalama wa Kambi Si Kazi ya Polisi Peke Yao

(Maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii kwenye mkutano wa usalama, Gisenyi, wilaya ya Rubavu.)



Mmeitwa hapa pamoja na polisi, watu wa maji na watu wa chakula. Baadhi yenu mmeuliza: wizi ni kazi ya polisi, sisi twahusikaje? Nitawajibu kwa habari ya ng'ambo tu ya mpaka huu.

Mwezi wa Julai 1994, kwa siku chache, watu wapatao 850,000 walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma. Zikafunguliwa kambi za Kibumba, Katale, Mugunga na nyinginezo. Mgao wa chakula ukapitia mikononi mwa viongozi wa zamani na watu wenye silaha. Wao walihesabu watu, wao walipokea, wao waligawa. Mjane asiye na mtetezi alipata kilichobaki. Aliyetaka kurudi kwao alitishwa, na wengine waliuawa.

Mwaka 1995 UNHCR ilipatana na serikali ya Zaire, wakaletwa askari 1,500 kulinda kambi. Ujambazi ulipungua, hilo tulikubali. Lakini wenye silaha hawakunyang'anywa silaha zao, wala hawakutengwa na raia. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vikafika kambini, na mamia ya maelfu ya watu wakarudi kwa miguu kupitia Gisenyi hii hii.

Askari 1,500 hawakutosha mahali ambapo wakubwa wachache walishika orodha za watu wote. Ndiyo maana mgao unapaswa kumfikia kila mwenye kaya, kwa kadi yake mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Kiongozi wa mtaa anayetaka kuwekewa kadi za wenzake, hata akisema anawasaidia, mkatalieni.

Sasa vyoo. Mtashangaa ninaingiza vyoo katika habari ya uhalifu! Kanuni ya mashirika ya misaada ni choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, kisizidi mita 50 kutoka nyumbani, na kifungwe kwa ndani. Komeo ni kitu kidogo, lakini binti anayetoka usiku anaijua thamani yake.

Kuni vilevile. Huko Dadaab, Kenya, wanawake walikuwa wakibakwa porini wakitafuta kuni, na mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa kuwagawia. Kuni zile hazikutosha mahitaji yote. Kwa hiyo akina mama waliendelea kwenda porini. Hapa kwetu msiende mmoja mmoja, na mahali palipotokea shambulio pasemwe mapema, wengine wasipite.

Wale wa doria ya usiku, ambayo Wanyarwanda huiita irondo: mwizi akikamatwa, asipigwe. Apelekwe polisi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unatutaka tutii sheria za nchi iliyotupokea, na unampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani. Ugomvi wa maji au wa watoto wazee wanaweza kuupatanisha. Kubaka hapana. Jambo hilo halimalizwi kwa chupa za bia baina ya baba wawili, na msichana mwenyewe hakuulizwa.

Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia UKIMWI baada ya hapo hazisaidii. Asingoje kwanza kupata karatasi ya mtu yeyote. Asioge, na nguo asizifue. Rwanda ina vituo vya Isange, vilivyoanza Kigali mwaka 2009, ambako daktari, mpelelezi na mshauri wako mahali pamoja, bila malipo.

Simu za kuomba msaada: 112 ya polisi, 3512 ya ukatili wa kijinsia, 116 ya watoto.

Kila mtaa ulete kesho asubuhi hesabu ya vyoo visivyo na komeo. Mafundi wanaisubiri.