Laka, Thina na Mishale Arobaini



Mwezi uliopita mlitukuta tumekaa nje ya karakana tunakwangua mishale. Mkauliza, "Mbona mnabandua vanishi mliyopaka jana?" Tuliona haya kujibu. Leo tunajibu.

Tulipata kazi ya mishale 40, ya duka moja mjini linalouza vitu vya sanaa. Mwenye duka alitaka ing'ae, akatupa kopo la laka. Laka ni vanishi inayokauka upesi sana. Ilikuwa nzito kama asali. Sisi tulikuwa na mafuta ya taa, tukasema, si yatailainisha tu? Tukamimina. Lo! Laka ikaganda mabonge mabonge, kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Kopo zima likapotea, na bei yake tukakatwa katika malipo yetu.

Kumbe kila vanishi ina maji yake. Vanishi ya mafuta, ile inayokauka polepole, huchanganywa na tapentaini. Polishi ya sheleki hutaka spiriti. Laka hutaka thina ya laka. Tena imeandikwa kwenye kopo. Sisi tuna vyeti vya kisomo ukutani, na kopo hatukulisoma!

Tukanunua laka nyingine. Thina tukaipata kwa bei rahisi, katika chupa isiyo na maandishi. Ilikuwa masika, mvua imetoka kunyesha. Tukapaka. Punde mishale yote ikawa myeupe, kama imepuliziwa unga.

Fundi mmoja mzee alitueleza sababu. Thina inaporuka hewani hupoza mti, kama spiriti inavyopoza mkono kabla ya sindano. Ikiruka upesi mno wakati hewa ina unyevu, umande hushika juu ya laka, nayo hukauka na weupe wake. Basi siku za mvua, ngoja jua. Kama huwezi kungoja, omba dukani thina inayokauka polepole. Akasema pia kwamba hatukuwa na haja ya kukwangua. Kupaka tena juu yake laka nyepesi yenye thina ya polepole, siku kavu, mara nyingi huondoa weupe. Jamani, vidole vilikuwa vimeshachubuka!

Sasa hatupaki kwa brashi. Tunachovya mshale katika bomba la chuma lililozibwa chini, kisha tunauvuta polepole ili laka isichuruzike. Bomba la plastiki msitumie, thina huweza kulilainisha. Manyoya tunayabandika baadaye, laka ikishakauka, kwa sababu thina hulegeza gundi.

Liko jambo kubwa kuliko mishale. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, hutambaa sakafuni. Siku ile ya kwanza ya thina, mama jirani alikuwa anapika kwa mkaa nyuma ya ukuta wetu, na mlango uko wazi. Hatukujua. Tukikumbuka, mwili unasisimka. Siku hizi tunachovya nje, mbali na jiko na sigara, na watoto hawasogei. Mvuke huo pia huumiza kichwa, basi kaeni upande unakotoka upepo.

Kabla ya kuchanganya kopo zima, tunajaribu kwanza katika kikombe, na kipande cha ufito uleule. Tunangoja kikauke. Kikiwa cheupe au kikiwa na mabonge, tumepoteza kikombe tu.

Mishale 38 imekwenda mjini. Miwili tumeibakiza karakanani, mmoja mweupe, mmoja unaong'aa. Njooni muishike.