Maji ya Rejeta Yaliyochafuka
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya Mkutano wa Chama cha Ushirika)

Tumetakiwa na Halmashauri ya Chama tueleze habari za gari letu, kwa kuwa maneno mengi yamesemwa sokoni, na wengine wamekwisha kusadiki ya kwamba dereva aliliharibu kwa kulitia maji ya mto. Gari hilo hupeleka kahawa kiwandani mchana, na usiku limechukua wagonjwa wengi hospitali. Lilikaa majuma saba bila kwenda, na dereva, naye ni mtu mwenye mke na watoto, alikuwa karibu kuachishwa kazi kwa neno lililotoka kwa wale waliotuuzia.

Sisi ni makarani, si mafundi. Walakini kitabu cha gari tumekisoma, na mafundi tumewauliza.

Yaliyomo ndani ya rejeta si maji matupu. Ni maji yaliyochanganywa na dawa iitwayo ethilini glikoli, mara nyingi nusu kwa nusu, pamoja na dawa nyingine za kuzuia kutu. Watu husema kwamba dawa hiyo ni ya nchi za barafu, kwetu haina kazi. Sivyo. Katika milima yetu maji huchemka upesi kuliko pwani. Hata Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa meta 1,600 na zaidi, maji hayafiki digrii 100 kabla ya kuchemka, huchemka yapata 95. Dawa ile, na kifuniko cha rejeta kinachobana mvuke, ndivyo vizuiavyo maji yasichemke injini ikipanda mlima na magunia.

Basi, maji hayo huchafuka kwa njia nyingi, na kila njia ina alama yake. Yakiwa na rangi ya udongo mwekundu, ni kutu: dawa imechakaa, au mtu ametia maji matupu muda mrefu. Yakiwa na utando mweusi wenye utelezi, yafaa kushuku mafuta ya injini. Mapovu yakitoka bila kukoma injini ikinguruma, na moshi mweupe wenye harufu tamu ukitoka nyuma, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Na hapo fundi ana dawa ya buluu inayogeuka manjano ikipata hewa ya moto iliyotoka ndani ya silinda. Lakini yakiwa kama uji mwepesi wa rangi ya waridi, mafuta ya giaboksi yameingia.

Hapa pana jambo lililotutatiza kidogo. Rangi ya dawa si moja. Kila kampuni hutia rangi yake, ya kijani, ya buluu, nyekundu au ya waridi. Kwa hiyo wekundu peke yake si kosa. Tazama kama maji yanapenyeka kwa macho. Maji mazima, hata yakiwa mekundu, huona kidole chako nyuma ya chupa. Yaliyoingiwa na mafuta hukioni.

Maji ya gari letu yalikuwa kama uji. Na sababu ni hii: katika magari mengi ya giaboksi ya kujiendesha, mafuta ya giaboksi hupozwa katika bomba dogo lililofichwa ndani ya rejeta yenyewe. Bomba likipasuka, injini ikiwa inakwenda mafuta husukumwa kuingia majini. Injini ikizimwa, maji yenye mvuke husukumwa kuingia katika mafuta. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu maji na glikoli hulegeza gundi inayoshika karatasi za sahani za klachi, na giaboksi hufa, pengine baada ya miezi, wakati kila mtu amekwisha kuisahau rejeta.

Jambo la namna hii si geni duniani. Huko Marekani kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya rejeta za magari yake Pathfinder, Frontier na Xterra, ya miaka 2005 hadi 2010, kwa sababu ya ufa wa namna hiyo. Gari letu ni la kampuni nyingine, wala hatulitaji jina, wala jina la muuzaji.

Muuzaji alipoletewa gari alisema, "Mmetia maji machafu, dhamana imekwisha. Tutasafisha rejeta, nanyi mtalipa." Tulikataa kusafishwa. Maana maji yale yakimwagwa, ushahidi wote umekwenda nayo, na ufa unabaki.

Dereva alikuwa amekwisha kufanya jambo la busara. Siku ile alipoona uji alizima injini papo hapo, akangoja ipoe mpaka jioni (kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, kimeunguza nyuso za watu wengi), kisha mbele ya mwalimu mkuu na mzee wa kijiji akajaza chupa tatu safi za kioo. Tukaandika juu yake tarehe, hesabu ya kilometa, na majina ya mashahidi. Chupa moja tukampa muuzaji pamoja na barua ya nakala mbili, naye akatia sahihi ya kuipokea. Katika barua tuliuliza neno moja tu: maji ya mto yawezaje kuzaa mafuta? Tena tukataka jibu kwa maandishi, likisema mafuta yametoka wapi.

Jibu lilikawia majuma mawili. Tuliandika tena, tukakumbusha Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, kwa adabu bila matusi. Ndipo walipoijaza rejeta upepo mbele ya mwakilishi wetu, na ufa ukaonekana. Rejeta mpya walikubali. Giaboksi walikataa, wakisema inakwenda vizuri. Tukapeleka mafuta yake kwenye maabara, yakaonekana yana glikoli. Siku nne baadaye giaboksi nayo ilikubaliwa, pamoja na mipira yote ya maji, kwa kuwa mafuta huivimbisha na kuilainisha. Gharama ya maabara tulilipa sisi, na hilo tunaona si haki. Barua ya kuidai imekwisha kwenda.

Dereva yuko kazini. Wale waliomsema sokoni wanamjua.

Chupa ya tatu ni hii hapa mezani, na atakaye kuitazama na aje. Ila watoto wakae mbali nayo, na mbwa pia: glikoli ni tamu, nayo ni sumu inayoua figo. Baada ya mkutano itarudi kabatini, na ufunguo utakuwa kwa mweka hazina.