Vidonge vya Kuzuia Jasho: Kipi Kitolewe, kwa Nani, na Baada ya Kuuliza Nini

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wahudumu wa afya na wauzaji wa dawa, Kimuka, Kaunti ya Kajiado

Jasho la kupindukia lina aina mbili, na wanasemina wanazijua. La kwanza huanza lenyewe, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 25. Hushika viganja, nyayo, kwapa au uso, hutoka pande zote mbili sawasawa na hukoma mtu akilala. La pili huletwa na ugonjwa au dawa nyingine, mara nyingi hutapakaa mwili mzima na linaweza kulowesha shuka usiku. Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Neva huziamuru kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na vidonge vingi vya kuzuia jasho huifungia kemikali hiyo mlango. Maelezo hayo yanatosha.

Anayeugua aina ya kwanza asichukuliwe kuwa anajidekeza. Mwanafunzi wa kidato cha nne huweka leso chini ya mkono ili karatasi ya mtihani isilowe na wino usitawanyike. Mshonaji wa viwanda vya nguo vya EPZ Athi River, jirani na Kitengela, hufuta viganja kila mara, maana kitambaa cheupe kikishika doa kazi inaharibika. Wapo wanaoficha mikono wakati wa kusalimiana, na katika jamii inayothamini salamu hilo ni pigo kubwa. Watu hawa wanastahili tiba.

Tiba yao haianzi na kidonge. Huanza na dawa ya kupaka ya alumini kloraidi, kwa kawaida ya asilimia 20, inayopakwa usiku kwenye ngozi iliyokauka kabisa na kuoshwa asubuhi. Kwa viganja na nyayo kuna pia beseni za maji zinazopitishwa umeme mdogo. Hayo yakishindwa, au jasho likiwa sehemu nyingi, ndipo vidonge vinapofikiriwa.

Oksibutinini hutumika hasa kwa kibofu kinachomsumbua mtu kwa haja ndogo za ghafla, na kwenye jasho imeingia kwa mlango wa nyuma. Huko São Paulo, Brazili, timu ya Nelson Wolosker ilichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha dawa hiyo na kidonge kisicho na dawa. Dozi ilianza chini, miligramu 2.5, ikapandishwa hadi miligramu 5 mara mbili kwa siku. Zaidi ya asilimia 70 ya waliopewa dawa walipata nafuu ya viganja na kwapa, na lalamiko kubwa lilikuwa kinywa kukauka. Kasoro yake ni kwamba inaingia kwenye ubongo. Kijana anaweza kusinzia, na mzee anaweza kuchanganyikiwa hata asijue yuko wapi.

Glikopironiamu haivuki kirahisi kwenda kwenye ubongo, na kwa mtu mwenye umri mkubwa hiyo ni sifa ya maana. Hutolewa miligramu 1 hadi 2, mara moja au zaidi kwa siku, kabla ya kula, kwa sababu chakula, hasa cha mafuta, hupunguza sana kiasi kinachoingia mwilini. Hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu aangaliwe. Propantelini ni ya zamani zaidi na Uingereza imeisajili rasmi kwa tatizo la jasho, lakini humezwa mara nyingi kwa siku na wagonjwa huchoka kuifuata. Zote tatu zinaweza kuleta ukungu machoni, choo kigumu, moyo kwenda mbio na mkojo kukataa kutoka. Mwenye shinikizo la macho la pembe finyu hapewi, wala mzee mwenye tezidume iliyovimba na mkojo unaokwama.

Propranololi ni suala jingine. Humfaa mtu ambaye jasho lake huja na hofu, kabla ya usaili au hotuba, na haimfai mwenye pumu. Klonidini hushusha shinikizo la damu, na hiyo pekee ni sababu ya tahadhari. Hiosini, ambayo kila kemisti inayo kwa maumivu ya tumbo, isipewe mtu kwa ajili ya jasho eti kwa kuwa ni ya ukoo huohuo. Ikimezwa, utumbo hunyonya kiasi kidogo sana.

Ulinganisho unaishia hapo, na kwa kweli si mgumu. Kinachosumbua Kajiado ni dawa kutolewa kaunta kabla hayajaulizwa maswali mawili: jasho hili linatoka wapi, na mtu huyu anafanya kazi wapi?

Tuanze na la kwanza. Hii ni nchi ya mifugo. Mtu anayetokwa na jasho jingi, homa inakuja na kuondoka, viungo na mgongo vinauma, huenda ana bruselosisi kutokana na maziwa mabichi au kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Anayelowa usiku, akikohoa na kukonda, anahitaji kupimwa kifua kikuu, kwa kuwa Kenya bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mwingine ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mwingine anatumia tramadoli au dawa za sonona, ambazo zenyewe huongeza jasho. Mwenye kisukari anayetumia insulini hutokwa na jasho la baridi sukari inaposhuka. Jasho hilo ndilo linalomwambia atafute kitu kitamu haraka, na kidonge kikilizima anaweza kuanguka bila onyo.

Na kuna josho. Baadhi ya dawa za kupe, kama klorofenvinfosi, ni za jamii ya oganofosfeti. Huzuia mwili kuiondoa asetilikolini, kwa hiyo aliyenyunyizia ng'ombe kwa pampu ya mgongoni bila glavu, dawa ikamchuruzikia, anaweza kufika kemisti akiwa ameloa jasho, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na misuli inachezacheza. Huyo anahitaji hospitali, atropini ya sindano na mtu wa kumtazama anavyopumua. Akipewa kidonge cha jasho, dalili za nje hupungua huku misuli ya kupumulia ikizidi kulegea. Jambo hili limesemwa katika vikao vingi. Linasemwa tena kwa sababu bado linatokea kwamba mtu anauziwa dawa bila hata kuangaliwa macho.

Swali la pili ni la mahali. Kimuka iko chini ya vilima vya Ngong, vinavyofika mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake ni wa baridi. Ziwa Magadi, katika Kajiado Magharibi hiyohiyo, liko mita 600 tu, na mchana joto hukaribia nyuzi 40. Kidonge kilichoanzishwa kwa usalama hapa Kimuka kinaweza kumwangusha mtu yuleyule kule chini, akichunga au akifanya kazi kwenye magadi. Kwenye joto la namna hiyo jasho ndilo linaloupoza mwili. Maelezo yanayokuja na oksibutinini yenyewe yanaonya juu ya kiharusi cha joto: ngozi kavu ya moto, maneno yasiyoeleweka, kisha kuzimia. Dereva, mchimba mawe na mchungaji hawasomi karatasi hiyo iliyokunjwa ndani ya pakiti, na mara nyingi wanauziwa vidonge kwenye bahasha tupu.

Mada hii haimtuhumu mtu yeyote. Inajua kemisti ndiyo kituo cha kwanza, na mahali pengine ndiyo cha pekee. Lakini hizi ni dawa za kuandikiwa na tabibu, na Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka chini ya Sura ya 244 ya sheria.

Mapendekezo

Asiyeandikiwa asiuziwe.

Kila anayelalamikia jasho aulizwe kuhusu homa, kikohozi, kukonda, maziwa mabichi, dawa anazotumia na dawa ya kupe. Macho yake yatazamwe. Sukari ipimwe papo hapo kama kipimo kipo, na mwenye dalili za kifua kikuu apelekwe kupimwa makohozi.

Dawa ya kupaka itangulie kidonge. Kaunti ifikirie kuiweka katika vituo vyake, maana ni vigumu kumwambia mgonjwa aanze na kitu asichoweza kukipata.

Kidonge kianze kwa dozi ndogo na mgonjwa arudi baada ya wiki mbili hadi nne. Mzee asianzishiwe oksibutinini pale ambapo glikopironiamu inapatikana. Mwenye kutumia insulini asipewe bila daktari wake kujua.

Kila mgonjwa aulizwe anafanya kazi wapi na kama anashuka bondeni. Anayeshuka aelezwe kwamba siku za joto kali dawa husimamishwa kwa ushauri wa tabibu, na wenzake kazini wafundishwe kumpeleka kivulini, kumlowesha maji na kumpepea huku usafiri wa hospitali ukitafutwa.

Maswali ya jasho linatoka wapi yaulizwe hata foleni ikiwa ndefu. Pendekezo hili limekwisha kutolewa hapo juu na linarudiwa makusudi.

Majosho na maduka ya pembejeo yahusishwe katika semina ijayo, kwa sababu wauzaji wa dawa za kupe wanawajua wanunuzi wao kuliko zahanati inavyowajua. Na onyo la joto liandikwe juu ya bahasha ya dawa kwa Kiswahili na Kimaasai, kisha lisomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma kabla hajapokea chenji yake.